PIKAPU YA MJOMBA YAOTA MIGUU YA MBELE

  

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na yale mambo ya vijana wanaoazima viatu vya kwendea harusini. Naomba niyaweke kiporo kwanza. Kuna kijana wa Mbagala amenitumia ujumbe, anasema baba yake ana pikapu ya zamani inayosukuma nyuma tu, na yeye anataka kuigeuza iwe fowili ili wapeleke mzigo kijijini wakati wa mvua. Anauliza kama inawezekana au mafundi wanamvunga.

Inawezekana, mshikaji wangu. Ila kabla hujavunja kibubu, kaa hapa kwanza nikusimulie ya mjomba.

Mjomba wangu anaishi Nyandira, huko juu Mgeta, kwenye milima ya Uluguru. Kama umekula kabichi au njegere hapa Dar, kuna uwezekano mkubwa zimeshuka kutoka kule. Na sisi Waluguru ujue ukoo unafuata kwa mama, kwa hiyo mjomba kwetu si mtu wa kumpigia honi na kupita. Mjomba akipiga simu hasemi "naomba". Anasema "njoo", nawe unakwenda.

Sasa mjomba ana Hilux ya 1991, dizeli, injini ile ya 2L yenye sisi 2446. Aliinunua na mkaza mjomba, Mungu amrehemu, kwa fedha ya kabichi za miaka sita. Mama yule alikuwa akihesabu noti usiku kwa koroboi huku mjomba amelala. Ndiyo maana ile pikapu, pamoja na kutoboka bodi na mlango mmoja kufungwa kwa waya, mjomba haiuzi. Ukimtajia kuuza anakutazama kama umemtajia kuuza kaburi.

Tatizo likaja masika ya 2024. Zile mvua za El Nino wote tunazikumbuka. Njia ya kutoka Nyandira kushuka Langali hadi Sangasanga, pale inapokutana na barabara ya Iringa, iligeuka uji. Pikapu ya mjomba ikazama na magunia ya kabichi mgongoni. Siku ya kwanza ikalala pale. Siku ya pili ikalala pale. Wenye fowili zao wanapita wanapiga honi, na mwenye roho nzuri anasimama anataja bei ya kuvuta. Siku ya tatu kabichi zikaanza kunuka na mjomba akazimwaga korongoni kwa mikono yake mwenyewe. Msimu ule alizimwaga mara tatu.

Mwezi wa nane simu ikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mjomba, njoo. Na uje na chochote ulichonacho. Gari naliwekea miguu ya mbele."

Nilikuwa na shilingi milioni 1 na laki 2. Usiniulize za nini. Haya, umeuliza: za mahari. Mwandani wangu nilipomweleza alikaa kimya mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Nenda kwa mjomba wako. Ila ujue hiyo ni mahari yangu inakwenda kuzungusha matairi." Lahaula! Nikapanda basi la Morogoro nimeinamisha kichwa.

Tukaenda kwenye gereji moja mjini Morogoro. Fundi mwenyewe kijana wa rika langu, ovaroli jipya, simu mbili, maneno kama redio. Akaizunguka pikapu mara moja, akagonga chesisi kwa spana, akasema, "Siku nne tu mzee. Tunatafuta ekseli ya mbele ya fowili, tunachomelea, unaondoka."

Mjomba akatabasamu. Mimi nikatabasamu. Pembeni kulikuwa na mzee mmoja amekaa juu ya tairi anakunywa kahawa, zamani alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba ya mkonge. Yeye hakutabasamu. Akasema taratibu, "Siku nne ni za kuifungua."

Basi bwana, mzee yule akatupa darasa la bure ambalo sikulipata miaka yote minne ya sekondari, na leo nakugawia na wewe.

Kwanza, alisema, ondoa kichwani ile habari kwamba fowili ni ekseli ya mbele. Nguvu ya injini inapita kwenye giaboksi. Kwenye pikapu ya kawaida inatoka mkiani mwa giaboksi, inashika propela, inakwenda kwenye difu ya nyuma, basi. Ili ifike na mbele lazima kuwe na kitu cha kuigawa. Hicho ndicho transfa, giaboksi ndogo inayokaa nyuma ya giaboksi kubwa, yenye propela mbili, moja ya kwenda nyuma na moja ya kurudi mbele. Na mkia wa giaboksi ya kawaida si sawa na mkia wa giaboksi ya fowili, kwa hiyo unabadilisha giaboksi nzima na transfa yake. Propela ya nyuma ya zamani nayo haikufai, maana transfa imekula nafasi na propela imekuwa ndefu mno.

Pili, chini kwa mbele. Hilux za kizazi kile zinazosukuma nyuma hazina ekseli ya moja kwa moja mbele. Kila gurudumu lina mikono yake na fimbo ya chuma inayojisokota badala ya springi. Fowili zake, zile zilizokuja kwetu, mbele zina ekseli nzima juu ya springi za vyuma vya kupangana, kama za nyuma. Kwa hiyo mikono yote inakatwa, na kwenye chesisi zinachomelewa shikio mpya za springi. Stelingi boksi nayo inabadilishwa, maana ile ya zamani inasukuma kwa upande na hii mpya inasukuma mbele na nyuma. Sampu ya oili chini ya injini nayo lazima ipishane na difu. Gari linanyanyuka, shokomzoba zinakuwa fupi, mipira ya breki inakuwa mifupi.

Hapo kwenye mipira ya breki, msomaji, pashike. Tutaparudia.

"Sasa mzee, kwa nini usichukue chesisi nzima ya fowili iliyokufa, ukapandisha bodi yako juu?" mjomba akauliza.

"Kwa kazi ya gereji hiyo ndiyo rahisi na ndiyo imara," mzee akajibu. "Lakini namba ya chesisi itakuwa ya gari jingine. Kadi inasema hivi, chuma kinasema vile. Trafiki akikuinamia chini hapo Msamvu utamweleza nini?"

Mjomba akakataa. Chesisi ile ndiyo gari la mkewe.

Mzee akamaliza kahawa yake, akasema la mwisho: "Ushauri wangu, uza hii, ongezea, nunua fowili iliyotoka kiwandani fowili." Mjomba akamtazama kwa yale macho ya kaburi. Mzee akanyamaza.

Tukapata skrepa ya Hilux fowili ya kizazi hicho hicho, imepinduka, bodi imekuwa chapati lakini chini nzima. Milioni 3 na laki 8. Ilikuwa na ekseli ya mbele, giaboksi, transfa, propela, springi na stelingi boksi. Ekseli ya nyuma ilishauzwa.

"Haina shida," fundi kijana akasema. "Nyuma tunaacha yenu."

Mzee akaweka kikombe chini. Akatuambia tunyanyue pikapu, matairi yote mawili ya nyuma yaelee. Akaweka alama ya chaki kwenye propela, akatuambia mimi na makuli mmoja tuzungushe magurudumu yote mawili pamoja, mzunguko mmoja kamili, na yeye akahesabu propela imezunguka mara ngapi. Mara 4 na kipande kidogo. Akafanya hivyo hivyo kwenye ekseli ya mbele ya skrepa. Mara 4 na nusu na ushee.

"Difu hii ya nyuma ina meno 41 kwa 10," akasema. "Hii ya mbele ina 41 kwa 9. Mnajua maana yake?"

Hatukujua. Maana yake, kwa kila mita 100 ambazo magurudumu ya nyuma yanataka kwenda, ya mbele yanataka kwenda 90. Yamefungwa pamoja kwenye transfa, hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwenye tope tairi litateleza, utaona mambo bomba. Ukifika kwenye udongo mgumu yanaanza kugombana, na katika ugomvi huo kinachovunjika ni transfa au difu. Halafu magurudumu ya nyuma yetu yalikuwa ya nati 5 na ya mbele mapya ya nati 6, kwa hiyo hata tairi la akiba ungebeba mawili.

Ikabidi kutafuta ekseli ya nyuma inayolingana. Laki 9. Mahari yangu ndiyo ilikwenda hapo, na laki 3 zilizobaki zikaingia kwenye oili na vyuma vya kuchomelea. Nikampigia mwandani wangu kumweleza. Simu ilikatika. Sijui ni mtandao.

Wakati nasubiri gereji siku zile (siku nne zikawa wiki saba) nilikuwa nasoma soma kwenye simu. Kumbe kazi hii si ya uchochoroni tu. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Marmon-Herrington, ilianzishwa Indianapolis mwaka 1931, na tangu 1935 ilikuwa ikichukua malori ya Ford yanayosukuma nyuma na kuyafanya yasukume yote manne. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Afrika Kusini iliunda magari ya deraya juu ya chesisi za Ford kwa kutumia vifaa vya kampuni hiyo. Na Hilux yenyewe ilizaliwa mwaka 1968 ikiwa ya kusukuma nyuma tu, ya fowili ilikuja 1979. Nikamwonyesha mjomba. Akasema, "Unaona? Hata Toyota walisubiri miaka 11."

Mwezi wa kumi ikatoka. Wee! Imenyanyuka, imesimama kama jogoo. Mjomba akaizunguka, akashika boneti, akasema jina la mkewe kwa sauti ndogo. Mimi nikajifanya naangalia tairi.

Masika ya 2025 ndiyo mtihani. Mara ya kwanza walipanda na kushuka bila kusimama, wakapita palepale penye kabichi zilizomwagwa. Mjomba alinipigia simu akicheka kama mtoto. Mwezi wa nne nikaenda mwenyewe kushuhudia, maana fedha yangu imo mle ndani.

Tukapakia kabichi asubuhi. Mbele tulikaa mjomba kwenye usukani, mimi, na mama mmoja jirani aliyekuwa akimpeleka mwanawe kliniki. Makuli wawili juu ya mzigo. Mvua ya usiku ilikuwa imekata, tope linang'aa. Mjomba akaweka gia ndogo ya transfa, gia namba 1, tukaanza kushuka polepole.

Kwenye kona moja kali kulia kulikuwa na mfereji upande wa kushoto. Mjomba akakata usukani mpaka mwisho, gurudumu la kushoto la mbele likadondoka mferejini, likapanda. Nikasikia kitu kama mtu amekata kamba. Mjomba akakanyaga breki.

Pedali ikaenda mpaka chini.

Sikiliza, mimi ni mtu wa maneno mengi lakini pale maneno yaliisha. Mjomba hakusema kitu. Niliona mguu wake unapiga pedali mara mbili, mara tatu, halafu akauondoa kabisa. Hakukanyaga klachi. Nikaja kujua baadaye kwamba hilo ndilo lililotuokoa. Gia ndogo ya transfa ile inapunguza mwendo mara 2.28, na ukiwa gia namba 1 injini yenyewe inakuwa breki, na kwa kuwa ni fowili inashika magurudumu yote manne. Gari lilikuwa linalia lakini haliongezi mwendo. Mjomba akalielekeza kwenye ukuta wa mlima, bampa ikagusa udongo, injini ikazimika, tukasimama. Upande wa pili kulikuwa na korongo. Mtoto yule alikuwa amelala. Hakuamka hata kidogo.

Makuli waliruka chini wakakaa njiani. Mama jirani akasema "Alhamdulillahi", akashuka na mwanawe, na safari iliyobaki alitembea kwa miguu. Simlaumu.

Tukainama chini. Mpira wa breki wa kushoto mbele umechanika. Ulikuwa ule ule wa zamani, wa pikapu fupi. Gari likiwa limesimama sawa sawa unafika, hata ukikata usukani unafika. Lakini ukikata usukani mpaka mwisho na wakati huohuo gurudumu likadondoka, haufiki. Breki za nyuma zina njia yake, zilikuwepo, mbona hazikushika? Mzee wa mkonge alikuja kutuonyesha baadaye. Juu ya ekseli ya nyuma kuna valvu yenye fimbo inayopima gari limebeba kiasi gani. Gari likikaa chini kwa mzigo, inaruhusu breki nyingi nyuma. Likinyanyuka tupu, inapunguza. Sasa sisi tumelinyanyua gari zima na fimbo hatukuigusa, kwa hiyo valvu siku zote inadhani gari halina kitu. Kabichi zimejaa hadi juu, yenyewe inasema tupu.

Nikaja juu, nataka kwenda kumfumua yule fundi. Mjomba akanizuia. "Mjomba, nani alisema siku nne?" akaniuliza. "Fundi," nikajibu. "Na nani alitabasamu?"

Nikakosa jibu.

Mipira mipya mirefu, mafuta ya breki na kurekebisha fimbo ya valvu vilitugharimu shilingi 185,000. Hiyo tu. Kati ya fedha zote zile, kitu kilichotaka kutuua kilikuwa kwenye shilingi 185,000 za mwisho ambazo hakuna aliyezifikiria, kwa sababu wote tulikuwa tunafikiria kwenda. Kusimama hakuna aliyekufikiria.

Sasa kijana wa Mbagala, chukua karatasi uandike hesabu ya mjomba. Skrepa milioni 3.8. Ekseli ya nyuma laki 9. Ufundi milioni 1.4. Matairi manne ya mtumba 720,000. Oili, vyuma na vikorokoro 580,000. Breki 185,000. Jumla shilingi 7,585,000. Dalali mmoja wa Morogoro alikuwa tayari kuinunua ile pikapu kama ilivyokuwa kwa milioni 9. Ukijumlisha unapata 16,585,000, na kwa fedha hiyo tungeweza kutafuta fowili ya kiwandani ya umri huohuo, bila wiki saba na bila ile kona. Kwa hesabu ya fedha tupu, mzee wa mkonge alishinda.

Lakini kama nawe una sababu zako kama mjomba, basi fanya hivi. Nunua skrepa nzima ya kizazi kilekile, usiokote ekseli huku na giaboksi kule. Hesabu difu zote mbili kwa chaki kabla hujalipa. Kazi ya kuchomelea chesisi mpe mtu ambaye ungempa mtoto wako ambebe. Kabla hujatoka gereji nyanyua mbele, magurudumu yaning'inie, kata usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, na utazame mipira ya breki kwa macho yako. Uliza habari ya ile valvu. Kisha ipeleke kwa mkaguzi wa magari, na mtu wa bima mwambie ukweli kabla hajaugundua mwenyewe siku mbaya. Na ukiwa kwenye lami kavu toa fowili, maana kwenye kona magurudumu ya mbele yanakwenda safari ndefu kuliko ya nyuma, na transfa ya namna hii haijui kuyasuluhisha.

Mjomba bado anashusha kabichi. Yule mama jirani alianza kupanda tena mwezi wa saba, baada ya mjomba kumnyanyulia gari na kumwonyesha mipira mipya mmoja mmoja. Msimu ule hazikumwagwa korongoni hata mara moja, na mwezi wa tisa mjomba alinitumia shilingi milioni 1 na laki 2 zangu, na laki 1 juu yake. Ujumbe wake ulikuwa na maneno matatu: "Kaoe sasa, mjomba."

Nikampelekea mwandani wangu simu asome. Akasoma. Akaniuliza kitu kimoja tu: siku ya harusi tutapanda gari gani.

Mpenzi msomaji, hapo bado natafuta jibu. Tukutane wiki ijayo, na vile viatu vya kuazima.